Muulizeni Joshua Glover habari za haki za majimbo

Juzi usiku kaka mmoja alituma ujumbe wa sauti wa dakika saba kwenye kundi letu la WhatsApp, kundi la Watanzania na Wakongo tunaoishi Milwaukee, jimbo la Wisconsin, Marekani. Anasema amefuatilia sana historia na amegundua tumedanganywa: ile vita ya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, ya 1861 hadi 1865, haikuwa ya utumwa, ilikuwa ya haki za majimbo. Watu wa Kusini walitaka kujiamulia mambo yao, serikali kuu ikazidi kuwaingilia, wakachoka, wakajitoa. Chini yake vidole gumba vikamiminika. Mama mmoja tunayemheshimu sote akaandika, "Asante mwanangu, leo nimejifunza."

Sikulala. Kaka huyu ndiye aliyenionyesha njia za mabasi nilipofika hapa na koti la kuazima, sina ugomvi naye. Kilichoniuma ni kwamba maneno hayo yalitungwa na watu waliotaka kilichotendeka kisahauliwe, na sasa tunayapokezana sisi kwa sisi, kwa Kiswahili, katika mji ambao ushahidi wake umesimamishwa barabarani.

Kaka, nenda Cathedral Square, pale katikati ya mji. Pana kibao cha kumbukumbu ya Joshua Glover. Mahali hapo zamani palikuwa na mahakama na jela. Glover alikuwa mtumwa huko St. Louis, Missouri, akatoroka mwaka 1852, akafika Racine, hapo kusini yetu tu, akapata kazi kwenye kiwanda cha kupasua mbao. Karibu miaka miwili alikula jasho lake mwenyewe. Jioni ya Machi 10, 1854 alikuwa kibandani kwake akicheza karata na rafiki zake, mlango ukagongwa. Walioingia ni Benammi Garland, aliyedai kuwa Glover ni mali yake, pamoja na maafisa wa serikali kuu. Wakampiga, wakamtupa kwenye gari la farasi akivuja damu, wakaja naye usiku uleule hadi jela ya hapa.

Nani aliwapa nguvu hiyo? Sheria ya watumwa watoro ya mwaka 1850, iliyopitishwa na Kongresi kwa shinikizo la majimbo ya Kusini. Isome mwenyewe. Aliyekamatwa hakuruhusiwa kutoa ushahidi katika kesi yake. Hapakuwa na jopo la raia la kumsikiliza. Kamishna aliyeamua alilipwa dola 10 akimrudisha mtu utumwani, na dola 5 akimwachia. Aliyemficha mtoro alikabiliwa na faini ya hadi dola 1,000 na kifungo cha hadi miezi sita. Mkulima wa Wisconsin ambaye hajawahi kumiliki mtu angeweza kuamriwa aache chakula mezani, aende kusaidia kukamata mwenzake. Unataka kuona serikali kuu inayoingilia? Ni hiyo, imefika hadi kwenye karata za mtu usiku. Na walioituma ni walewale unaosema walichukia kuingiliwa.

Kesho yake maelfu ya watu walikusanyika nje ya jela ile. Sherman Booth, mhariri wa gazeti, alikuwa miongoni mwa waliowahamasisha. Wakachukua gogo, wakavunja mlango, wakamtoa Glover. Akafichwa, akavushwa ziwa hadi Kanada, akaishi huko hadi alipofariki mwaka 1888.

Sasa sikiliza yaliyofuata, maana hapa ndipo ujumbe wa kaka unapopinduka. Booth akashtakiwa. Mahakama ya juu ya jimbo la Wisconsin ikamwachia, ikasema sheria ile inavunja Katiba. Serikali kuu ikapeleka shauri Washington, na mwaka 1859 majaji wote wa Mahakama ya Juu ya Marekani, chini ya Roger Taney, yule wa hukumu ya Dred Scott iliyosema mtu mweusi hawezi kuwa raia wa Marekani, wakaiambia Wisconsin kwamba jimbo halina mamlaka ya kumtoa mfungwa mikononi mwa serikali kuu. Bunge la Wisconsin likatoa azimio la kuikaidi hukumu hiyo, likiazima maneno ya azimio la jimbo la Kentucky la mwaka 1798 la kuzipinga sheria za serikali kuu, maneno ya Thomas Jefferson mwenyewe, mmoja wa waasisi wa Marekani. Hayo ndiyo mapambano ya haki za majimbo ya miaka ile. Yalipiganwa hapa, kwa ajili ya mtu mweusi aliyetaka kuachwa acheze karata zake.

Na Kusini? Desemba 1860 South Carolina ilipojitoa, iliandika sababu zake. Zipo, zinasomeka. Ililalamika kwamba majimbo ya Kaskazini yametunga sheria zao za kukwamisha urudishaji wa watumwa, ikayataja moja moja, Wisconsin ikiwemo. Ililalamika kwamba New York imekataa hata bwana kupita huko na watumwa wake. Yaani lalamiko lao ni kwamba majimbo mengine yamejiamulia! Walipoandika katiba yao wenyewe mwaka 1861, wakaweka ndani yake kwamba raia anaweza kupita na kukaa katika jimbo lolote pamoja na watumwa wake. Jimbo lao moja likiamka siku moja likasema "kwetu hapana," lingekuwa na haki gani?

Nakubali, hofu ya serikali kuu haikuwa ya kubuni. Mwaka 1787 Philadelphia, Katiba ilipoandikwa, watu wazima wenye akili waliogopa kuunda mfalme mwingine, na hofu yao ndiyo iliyozaa Marekebisho kumi ya kwanza ya Katiba. Mwaka 1942 mahakama ilisema hata ngano ambayo mkulima wa Ohio, Roscoe Filburn, alilima kwa matumizi ya shambani kwake inaweza kuwekewa kikomo na Washington, na hilo hadi leo linanisumbua. Na sisi tuliokulia kwenye mabishano ya Muungano wa Tanzania uwe na serikali mbili au tatu, neno la kujiamulia linatuingia vizuri masikioni. Naelewa kabisa kwa nini kaka lilimpendeza.

Lakini angalia wanajeshi wa serikali kuu ileile, mara mbili. Juni 1854 wanajeshi wa serikali kuu walisimama kwenye mitaa ya Boston, watu kama 50,000 wakitazama na kuzomea, ili mtumwa mtoro Anthony Burns afikishwe melini na kurudishwa utumwani Virginia. Septemba 1957, Little Rock, jimbo la Arkansas, gavana Orval Faubus alitumia walinzi wa jimbo kuwazuia wanafunzi tisa weusi kuingia shule ya wazungu. Elizabeth Eckford, miaka 15, alifika peke yake na daftari zake, akazungukwa na watu wanaomtukana. Wiki tatu baadaye Rais Eisenhower alituma wanajeshi wa serikali kuu, wakawapandisha watoto wale ngazi za shule. Faubus naye alisema anatetea haki za jimbo lake. Nani anayejua habari za Glover angeyasikia hayo asimwulize: haki ya jimbo kumfanyia mtoto huyu nini?

Swali hilo naomba mama naye aliulize kabla ya kusambaza ujumbe ule kwa wajukuu, maana wanasoma shule za hapa na watakutana nao tena, kwa sauti tamu kuliko ya kaka.

Jumamosi nitakuwa Cathedral Square saa nne asubuhi, nitaleta chai kwenye chupa. Kaka, njoo tukisome kile kibao pamoja. Shikamoo mama, na wewe nakuomba uje. Basi la kupanda nitakuelekeza mimi.