GS au Africa Twin: Pikipiki Niliyoipima Ikiwa Imelala

Hapa Arusha, mtu akishaamua kwamba anataka pikipiki kubwa ya safari na kwamba mfuko wake unaruhusu iliyotumika tu, mazungumzo hayachukui muda kabla ya kufika kwenye majina mawili: BMW R 1250 GS, ambayo mwaka 2023 iliipisha R 1300 GS, na Honda CRF1100L Africa Twin, iliyoingia sokoni kama toleo la mwaka 2020. Zipo nyingine, na wapenzi wa KTM watanisamehe, lakini fedha niliyokuwa nimeitenga na aina ya safari zangu vilinirudisha kwenye hizi mbili kila mara. Kabla ya kulipa nilipata bahati ambayo wanunuzi wengi hawaipati: rafiki yangu aliniachia GS yake kwa wiki tatu alipokuwa safarini, na baadaye nikakodi Africa Twin kwa siku kumi, nikazipitisha zote mbili katika njia zilezile. Ninayoyaandika ni maoni ya mtu mwenye urefu wa sentimita 171, mgongo wa miaka 52, na mke anayependa safari kuliko anavyokubali kusema mbele za watu.

Nianze na karatasi ya vipimo, kwa kuwa ndipo sote tunapoanzia. Injini ya GS ina ujazo wa cc 1,254, nguvu za farasi 136 na mvuto wa niutoni-mita 143. Ya Honda ina cc 1,084, farasi 102 na niutoni-mita 105. Ukizisoma tarakimu hizo kijiweni utaona kama shauri limekwisha. Lakini barabara ya Arusha kwenda Dar es Salaam ni mfululizo wa vijiji ambamo kibao kinakuamuru kwenda kilomita 50 kwa saa, na askari mwenye tochi amekaa kivulini akikusubiri usahau. Farasi 34 za ziada zilinifaa mahali pamoja tu, kati ya Same na Mombo, nikiwa na mke wangu nyuma na masanduku yamejaa, tukitaka kulipita semi-trela kabla ya kona. Kwa GS nilifungua mafuta nikiwa bado kwenye gia ya sita na lori likabaki nyuma. Kwa Honda ilinibidi nirudishe gia mbili na injini ipige kelele kidogo ndipo tukapita. Tofauti ipo, ni ya kweli, na inapendeza. Sikuiona kuwa na thamani ya fedha niliyokuwa nadaiwa kuilipia.

Sasa nije kwenye uzito, jambo ambalo karatasi ilinidanganya mara mbili.

GS ikiwa na mafuta ina kilo 249, na Africa Twin ya gia za kawaida ina kilo 226. Tofauti ni kilo 23, karibu nusu mfuko wa saruji, na mtu mwenye akili timamu atasema nyepesi ndiyo rahisi kuinyanyua. Nami nilisema hivyo mpaka siku nilipotoka Mto wa Mbu kwenda Engaruka na kuendelea hadi Ngare Sero, karibu na Ziwa Natron, katika ile njia ambayo vumbi lake chini ya Ol Doinyo Lengai limechanganyika na majivu ya volkano na kuwa laini kama unga wa sembe. Mbele kidogo ya Engaruka gurudumu la mbele la GS lilizama, usukani ukageuka wenyewe, na tukalala. Nilipoinuka na kujikung'uta niligundua kwamba pikipiki haikulala kabisa: ile silinda inayochomoza ubavuni, ambayo wengi huicheka, ilikuwa imeizuia katikati, imeinama kama ng'ombe anayepumzika. Niliigeuzia mgongo, nikashika usukani kwa mkono mmoja na kishikio cha nyuma kwa mwingine, nikasukuma kwa miguu, ikasimama. Nilikuwa peke yangu.

Wiki kadhaa baadaye, mchanga uleule, Honda nayo ilianguka. Ilianguka ikatandazika, mpini wa usukani ukiwa umezama mchangani, na matairi yakielea juu kidogo ya ardhi. Kilo zake chache hazikunisaidia chochote, kwa kuwa ilinibidi nianzie chini kabisa, mahali ambapo mgongo wa miaka 52 hauna nguvu. Nilijaribu mara mbili nikakaa chini. Kijana wa bodaboda aliyekuwa akipita na madumu mawili ya maji alisimama, akaniangalia, akaiangalia pikipiki.

“Shikamoo mzee. Hili dude lina kilo ngapi?”

“Marahaba. Mia mbili na ushee.”

“Ya kwangu hii ikianguka naibeba,” alisema, akaweka madumu chini na kunisaidia. Hakutaka hela, alitaka kupigwa picha akiwa ameikalia.

Kwa hiyo GS ni rahisi kuinyanyua kuliko Honda, licha ya uzito wake, na hilo hutalikuta kwenye karatasi yoyote. Lakini kuna nusu ya pili ya habari hii. Katika njia hiyo ya kwenda na kurudi, GS iliniangusha mara tatu na Honda mara moja. Gurudumu la mbele la GS ni la inchi 19, na mfumo wake wa mbele unaoitwa Telelever, ambao kwenye lami ni raha tupu kwa sababu pikipiki haiinamishi pua unapofunga breki, unakunyima taarifa za kile kinachotendeka chini ya tairi. Mchanga unapoanza kulivuta gurudumu, wewe ni mtu wa mwisho kujua. Honda ina gurudumu la inchi 21, jembamba, linalokata mchanga badala ya kuusukuma, shokapu zake za mbele zinacheza milimita 230 dhidi ya 190 za GS, na chini ya injini kuna uwazi wa milimita 250. Tena kwenye mchanga, unapotaka kushusha miguu ili upige kasia, silinda za GS zipo mbele ya miundi yako, na jiwe likirushwa au pikipiki ikiangukia mwamba, kifuniko cha valvu ndicho kinachotangulia kupokea salamu. Bila vikinga vya chuma pembeni, singeipeleka huko.

Swali basi likawa: je, unataka pikipiki inayoanguka mara tatu ukaiinua mwenyewe, au inayoanguka mara moja ukahitaji mpita njia? Niliwauliza wenzangu swali hili na kila mmoja alijibu kwa haraka, jambo lililoniambia kwamba hawajawahi kuanguka wakiwa peke yao.

Upande wa fundi nao una maneno mengi yanayorudiwa bila kuchunguzwa. Linalorudiwa zaidi ni kwamba Honda, kwa kuwa inatumia cheni, inaweza kutengenezwa na fundi yeyote wa bodaboda, ilhali GS yenye shafti itakuacha porini. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Fundi wa bodaboda anaweza kuikaza cheni ya Africa Twin, kuisafisha na kuipaka oili, lakini cheni yenyewe ni ya saizi ya 525, na zile zinazoning'inia dukani kwake ni za 428, nyembamba, za Boxer na ndugu zake. Nilimwonyesha fundi mmoja Mto wa Mbu akacheka, akasema labda nikaulize kwenye trekta. Kwa hiyo mwenye Honda lazima abebe kiungo cha akiba na aiangalie cheni yake kila jioni, hasa baada ya vumbi la majivu, ambalo likichanganyika na oili hugeuka msasa. Mwenye GS haangalii chochote jioni. Nguvu inapita kwenye shafti hadi kwenye difu ndogo ya gurudumu la nyuma, kama gari, na yeye anakunywa chai. Ni kweli kwamba shafti ikiharibika hakuna wa kuigusa njiani, lakini shafti huharibika mara chache, na cheni hudai huduma kila siku.

Pancha ni habari nyingine, na hapa GS inaishinda Honda waziwazi. Rimu za GS hazina tyubu: msumari ukiingia, unachomeka kipande cha mpira cha kuzibia kwa nje, unajaza upepo, unaondoka ndani ya dakika kumi. Africa Twin ya kawaida ya miaka hiyo ilikuja na spoki na tyubu, maana yake ni kufungua gurudumu, kung'oa tairi kwa vyuma viwili na kuomba Mungu usiibane tyubu mpya unapoirudisha. Tyubu ya inchi 21 nayo haipatikani kwa fundi wa bodaboda. Toleo la Adventure Sports la mwaka 2020 lilikuja na rimu zisizo na tyubu pamoja na tangi la lita 24.8, lakini linaongeza kilo, na mtumba wake bei yake iko juu.

Valvu za GS ziko nje, pembeni, fundi anafungua kifuniko akiwa ameketi kwenye kigoda. Za Honda zimefichwa chini ya tangi na maplastiki mengi, ingawa kampuni inataka zikaguliwe kila kilomita 24,000 tu. Mgandamizo wa injini ya GS ni 12.5 kwa 1 na wa Honda ni 10.1 kwa 1, nami nikifikiria petroli ya chupa za maji inayouzwa kando ya barabara, moyo unaelemea kwenye ule mdogo, unaovumilia zaidi mafuta duni. Gia za otomatiki za Honda, zinazoitwa DCT, zinaongeza kilo kumi na kumwondolea mtu uwezo wa kuisukuma na kuiwasha betri ikifa, kwa hiyo sikuzitazama mara ya pili. Skrini za dashibodi za pikipiki zote mbili ni za inchi 6.5, zote zinaunganishwa na simu, na sina zaidi la kusema kuhusu skrini.

Jambo moja la pembeni. Honda hupenda kutukumbusha kwamba jina Africa Twin, lililotokea mwaka 1988 kwenye pikipiki ya cc 650, lina asili katika mashindano ya Paris-Dakar, ambako NXR750 yao ilishinda mara nne mfululizo kuanzia 1986 hadi 1989. Na BMW nao hukumbusha kwamba Hubert Auriol alishinda mwaka 1981 na 1983 akiwa juu ya boksa lao, yaani pikipiki yenye injini ya silinda mbili zinazochomoza ubavuni kama za GS. Yote ni kweli. Lakini Afrika iliyoandikwa kwenye lile jina ni jangwa la Sahara, na dereva alikuwa na gari la mafundi nyuma yake. Mimi nyuma yangu nina masanduku mawili na mke.

Na mke, kwa kweli, alichagua GS. Kiti chake cha nyuma ni kipana, kioo cha upepo kinafanya kazi, na boksa halitetemeshi miguu ya abiria. Alilala usingizi karibu na Korogwe, na hilo hajawahi kulifanya kwenye Honda. Kama safari zetu zingekuwa za Dar, Iringa na Mbeya peke yake, ningefunga mjadala hapo na kuomba mkopo. Nilichofanya ni kuchukua daftari na kuandika safari zangu zote za mwaka uliopita. Siku 31 nilikuwa kwenye lami na siku 9 kwenye vumbi, hesabu inayoelekea kumpa ushindi yeye na GS. Kisha nikaandika pembeni ya kila siku idadi ya watu niliokuwa nao. Siku zote 9 za vumbi nilikuwa peke yangu, na tano kati yake hazikuwa na mtandao wa simu.

Hapo ndipo nilipoelemea kwenye Honda, nikijua kabisa kwamba ninaiacha pikipiki iliyo bora zaidi kwa siku 31. Kwenye lami kasoro za Africa Twin ni usumbufu: kelele kidogo wakati wa kupita lori, cheni ya kupaka oili, mke aliyeamka. Kwenye mchanga kasoro ya GS ni kuanguka, na nikianguka mara tatu kwa siku, mojawapo itakuwa na mguu wangu chini yake. Mwenye kusafiri na kundi, au mwenye miguu mirefu na miaka thelathini, hesabu yake itatoka tofauti, na sitabishana naye.

Juzi nilikwenda kuangalia Africa Twin nyekundu ya mwaka 2021, gia za kawaida, kilomita 28,000. Nilikagua meno ya sproketi, nikazungusha usukani kusikiliza beringi, nikaangalia mirija ya shokapu kama inavuja. Kisha nikamwomba muuzaji matairi mawili chakavu ya gari na ruhusa ya kuilaza pikipiki yake juu yake. Alinitazama kama mtu aliyepotea nyumba. Nilimweleza, akacheka, akasaidia kuilaza taratibu. Mara ya kwanza haikunyanyuka. Mara ya pili mguu uliteleza. Mara ya tatu nilibana usukani hadi mwisho, nikashusha makalio chini zaidi kuliko nilivyofanya Engaruka, nikasukuma kwa mapaja badala ya mgongo, na ikaja juu pole pole mpaka ikasimama, nami nikitweta.

“Haya,” nilimwambia, “sasa tuongee bei.”