Zuchu kabebwa, lakini na nini?

Tangu Aprili 2020, Diamond Platnumz alipomtambulisha Zuchu kuwa msanii mpya wa WCB Wasafi, lebo yake ya muziki, kuna neno halijaisha midomoni mwa watu: huyu kabebwa. Kabebwa na mama yake, Khadija Kopa, malkia wa taarab, na kabebwa na bosi mwenye redio na televisheni. Mashabiki wake hujibu kwa kuhesabu watazamaji wa YouTube, na mjadala huishia kwenye matusi.

Wanaosema kabebwa wana hoja. Zuhura Othman Soud, binti wa Zanzibar, alikuwa na miaka 26 alipotambulishwa. Sauti alikuwa nayo kabla ya hapo, ila wengi wetu hatukuisikia mpaka aliposhikwa mkono. Wasichana wangapi wa Unguja wana koo tamu na hawana wa kuwashika?

Ila jina haliimbi. Sikiliza "Mauzauzo", aliouimba na mama yake mwaka ule ule. Anapovuta irabu ya mwisho, akaiacha itetemeke kidogo kisha akaikata, hilo hakufundishwa studio kwa mwezi mmoja. Na "Sukari", wa Januari 2021, aliuimba peke yake, bila mama wala bosi, ukavuka mipaka.

Mimi kinachoniuma ni kingine. Zuchu anaitia taarab ndani ya bongo fleva, na taarab inataka muda. Ukumbini wimbo hupita dakika kumi: fidla na kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, hutangulia, mwimbaji anangoja. Kisha mama mmoja anainuka kitini, anakuja akicheza polepole, noti katikati ya vidole, na anamtunza mwimbaji palepale kwenye mstari unaomgusa, macho yakiwa kwa mbaya wake. Hakusema neno, na ukumbi mzima umeelewa. Bongo fleva ya dakika tatu, ala zake zikiwa za kompyuta, itampa nafasi gani mama yule? Mtu wa Ikhwani Safaa, kikundi cha taarab cha Zanzibar cha tangu 1905, akisema hiyo si taarab, sina la kumbishia.

Lakini hebu tukumbuke Kopa mwenyewe alipita wapi. Alitoka Culture Musical Club, kikundi cha taarab cha Zanzibar, akavuka bahari kwenda kikundi cha TOT (Tanzania One Theatre), Dar es Salaam, miaka ya 1990, enzi za TOT na kikundi hasimu cha Muungano kutupiana mipasho, nyimbo za vijembe. Kinanda cha umeme kikachukua nafasi ya fidla, watu wakaacha kukaa kitako wakasimama kucheza. Walionuna wakati ule walisema haya haya tunayomwambia bintiye leo. Kwa hiyo naam, kabebwa na mama, ila zaidi ya jina karithi ule uthubutu wa kuitoa taarab ndani na kuipeleka kwenye watu.

Hata hivyo, namdai. Wimbo mmoja tu, mrefu, fidla na kanuni nyuma yake, bila kompyuta, na kina mama mbele wameshika noti zao wakisubiri mstari wao.