Mfugaji alimkatiza profesa, na dunia haikupasuka

Wiki iliyopita hapa Twin Falls, Idaho, nilijipenyeza kwenye mkutano wa wafugaji. Profesa anaonyesha michoro ya samadi na maji ya chini ya ardhi. Mzee mmoja, mavi yamegandia kwenye buti, akamkatiza: "Hiyo itanigharimu dola ngapi kwa ng'ombe?" Profesa akatoa kalamu, akaandika swali.

Nikamkumbuka mama, kule Tengeru, Arusha. Watafiti wamepita kwake sijui mara ngapi: dodoso, picha na ndama, soda, kusaini posho, kwaheri. Walichokipata hakijui hadi leo. Mtamba wake alipovimba matezi chini ya masikio, akakohoa, povu likamtoka puani, tulijua ni ndigana kali, ule ugonjwa wa kupe, kabla bwana mifugo hajapokea simu. Tukachimba shimo.

Huku Chuo Kikuu cha Idaho kilianza kujenga shamba la utafiti pale Rupert, la ng'ombe 2,000, na chama cha wafugaji kilichangia kununua ardhi. Ukitoa hela yako, unauliza kwa sauti.

Najua mtakavyosema: "Kashalewa Marekani huyu, ng'ombe mwenyewe anao?" Sina hata kuku, napiga zamu ya usiku kiwandani. Wala huku si peponi. Kiangazi harufu ya samadi unalala nayo, na hayo maji wanayachunguza kwa kuwa samadi imewazidi.

"Wazungu wana hela." Haya, chanjo ya ndigana ilitoka kwa nani? Muguga, Kenya, miaka ya 1970. Ina vimelea vya aina tatu, mojawapo ya Kiambu, nyingine ya Serengeti. Yaani Mkenya na Mtanzania ndani ya mrija mmoja wa chanjo, na hapo hamna aliyegombania mpaka! Akili tunazo, msinichokoze.

Ila mrija huo unakaa umegandishwa kwenye naitrojeni ya maji, na ukishayeyushwa unatosha ndama zaidi ya thelathini, lazima wachanjwe wote siku hiyo hiyo. Mwenye boma kubwa kule Umasaini hana shida. Mama ana ndama mmoja. Katika dodoso zote zile, hakuna aliyemwachia nafasi ya kuuliza: "Na mimi mwenye mmoja?"

Nimemwambia apite nyumba kwa nyumba na daftari, aandikishe ndama wa majirani wa kugawana mrija mmoja. Jana usiku kanitumia ujumbe: wamefika kumi na saba, na mama mchungaji bado anasitasita.