Tengeneza biti FL Studio, rekodi sauti Reaper

Kuna maprodyuza wanaoapa kwamba besi ya FL Studio ni nzito kuliko ya programu nyingine za kutengenezea muziki, kama Reaper. Si kweli, na kuthibitisha ni rahisi. Chukua faili moja ya WAV ya stirio, iweke kwenye programu mbili, fada zote (vidhibiti vya kiwango cha sauti) 0 dB, bila plagini yoyote (programu ndogo ya ziada), kisha uitoe kwa ubora wa 24-bit. Weka matokeo mawili kwenye traki mbili za mradi mmoja, geuza polariti ya moja (mawimbi yake yapinduke juu chini), cheza. Zikiwa sawa zitafutana, patakuwa kimya. Ukisikia kitu, kagua masta, njia ya mwisho ambako traki zote hukutana: baadhi ya violezo vya FL Studio hufunguka na limita (plagini inayobana sauti isizidi kiwango) tayari, na hiyo ndiyo “besi nzito” inayosifiwa.

Kinachotofautiana ni namna ya kufanya kazi. Kwa kupanga ngoma na melodi, piano roll ya FL Studio (dirisha la kuchora noti) sijaona mpinzani wake. Lakini mwimbaji akirudia ubeti mara tano, Reaper ndiyo inayokupunguzia mateso: marudio yote yanapangana ndani ya kipande kimoja, unakata kwa herufi S, unachagua mstari bora kutoka kila rudio. Tena unaijaribu siku 60 ikiwa kamili. FL Studio ya majaribio inahifadhi mradi, ila haitaufungua tena mpaka ununue, kwa hiyo toa WAV kabla hujafunga.

Ableton Live ni ya jukwaani zaidi. Ukiingiza sauti ndefu ikaanza kuyumba, programu imekisia tempo vibaya; zima Warp, kitu kinachonyoosha sauti ifuate tempo. Logic Pro ni ya vifaa vya Apple tu na inataka plagini za aina ya AU, Pro Tools inataka za AAX, hivyo ukihamia huko usitegemee plagini zako za aina ya VST.

Kuhamisha biti kwenda Reaper, zima limita ya masta, toa kila traki peke yake ikianzia mwanzo kabisa wa wimbo, hata kama ala inaingia dakika ya pili, na andika tempo kwenye jina la folda. Wakati wa kurekodi weka bafa (kiasi cha sauti ambacho kompyuta hushughulikia kwa mkupuo mmoja) sampuli 128. Kwa 48,000 Hz huo ni ucheleweshaji wa kama milisekunde 2.7. Ukiiacha 1,024 ni zaidi ya 21, na mwimbaji anayejisikiliza kupitia programu ataanza kuchelewa nyuma ya ngoma. Ipandishe ukianza kumiksi.