Nani ashike kisu

Kila mkesha wa Krismasi, mtaani kwetu Igoma, mama mmoja Mkristo hutuma mtoto nyumba ya tatu: "Kamwambie Babu aje atuchinjie." Babu huja na kisu kilichoviringishwa kitambaa. Hulaza kuku chini ya mpapai, humwelekeza kibla, ambako kwetu Mwanza ni kaskazini ukipinda kidogo mashariki, husema "Bismillahi, Allahu Akbar", na kukata. Halafu hunywa soda yake, huuliza hali ya magoti ya mama mwenye nyumba, na kurudi kwake. Hakuna anayeuita huo mdahalo wa dini. Mama anajua baadhi ya wageni wake wa kesho ni Waislamu, basi.

Desturi hiyohiyo ndiyo iliyotutoa damu mapema mwaka 2013. Baadhi ya wachungaji wa Mwanza na Geita walidai kuwa Mkristo naye ana haki ya kuchinja nyama ya kuuza, na bucha za Wakristo zikaanza kufunguliwa. Februari mchungaji mmoja akauawa Buseresere, Geita. Serikali ikasimama na mazoea: nyama ya kuuzia watu wote iendelee kuchinjwa na Waislamu. Tangu hapo tumelihesabu jambo hili kuwa la polisi na wakuu wa wilaya. Mimi naona lilikuwa swali la teolojia, tena zito, na tulilikwepa.

Wakristo waliokataa nyama hiyo iliyochinjwa na Waislamu hawakuwa wajinga kama tulivyowachora vijiweni. Katika 1 Wakorintho 10, Paulo anasema vinavyouzwa sokoni ni vya kula bila kuuliza maswali. Lakini anaongeza: mtu akikuambia kwamba hiki kimetolewa sadaka, usile. Sasa, wanasema ndugu hawa, aliyetaja jina na kuelekea kibla si amekwisha kuniambia?

Kwa hiyo yote yanategemea kitu kimoja: je, kuchinja kwa Babu ni kutoa sadaka? Mwislamu atakujibu kwamba mnyama wa ibada ni wa Idi el-Haj au wa akika, ile ya kuzaliwa mtoto. Kuku wa Krismasi ni kitoweo. Jina la Mungu linatajwa kwa sababu uhai ni wake, huutoi bila idhini yake. Mkatoliki hana pa kupingia hapo, maana Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulisema mwaka 1964, katika Lumen Gentium, kwamba Waislamu wanamwabudu pamoja nasi Mungu mmoja mwenye huruma, na Nostra Aetate ya Oktoba 1965 ikaongeza kwamba Kanisa linawaheshimu. Wakristo wa Kiarabu wenyewe wakisali humwita Mungu Allah. Isitoshe, katika Matendo 15 mitume waliwaagiza waamini wajiepushe na damu na vilivyonyongwa. Kwa agizo hilo, kisu cha Babu ni cha kibiblia kuliko shoka la mzee wa kanisa ninayemfahamu.

Ila Mpentekoste hafungwi na mtaguso wa Roma. Yeye atakuuliza: Mungu asiye na Mwana ndiye Baba wa Yesu? Swali hilo huwezi kulimaliza kwa sahani ya pilau, na wanaolijibu kwa "sote ni wamoja" hawajalisikia.

Ukivuka upande wa pili, nako si kwepesi. Katika Kurani, sura ya Al-Maida aya ya 5 inasema chakula cha waliopewa Kitabu, yaani Wayahudi na Wakristo, ni halali kwa Waislamu. Mbona basi kuku aliyechinjwa na Mkristo aitwe kibudu, kama mzoga? Wengi hutaja Al-An'am aya ya 121, inayokataza kula kisichotajiwa jina la Mwenyezi Mungu. Lakini kwa Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii, ambao ndio wengi Afrika Mashariki, kutaja jina ni sunna, si lazima. Kinachobana kwao ni kingine: wanazuoni wao huwahesabu kuwa Watu wa Kitabu Waisraeli, au wale ambao mababu zao waliingia Uyahudi au Ukristo kabla dini hiyo haijafutwa na iliyofuata; kwa Ukristo, kabla ya Uislamu. Msukuma ambaye babu wa babu yake alibatizwa baada ya Mapadri Weupe, wamisionari wa Kikatoliki, kufika Bukumbi karibu na Mwanza mwaka 1883 hamo katika hesabu. Kwa hiyo jirani anayeiacha nyama yako huenda hakudharau. Anafuata fikihi yake, sheria ya dini yake.

Mkristo anaweza kula cha Mwislamu, na Mwislamu hawezi kula cha Mkristo. Paulo angemwambia anayeweza ajishushe: chakula kikimkwaza ndugu yangu, sitakula nyama kamwe. Naikubali hoja hiyo mpaka pale inapogeuzwa agizo la serikali. Mama wa Igoma anamwita Babu kwa mapenzi. Mwenye bucha akilazimishwa, hajampenda mtu, ametii tu, na ajira ya kuchinja imebaki ya dini moja. Hata hivyo mwanafunzi Mwislamu wa bweni hawezi kutegemea mapenzi ya mpishi. Anahitaji uhakika.

Ningechagua kibao mlangoni: hapa kachinja fulani. Kitimoto, nyama ya nguruwe, ina mabanda yake miaka yote na hatujapigana. Lakini kitimoto haipikwi msibani. Bucha mbili zikizoeleka, msibani patakuwa na masufuria mawili, na Kanda ya Ziwa watu hulia na kula pamoja.

Mwaka jana nilikaa kwenye kamati ya harusi iliyobishana saa nzima juu ya ng'ombe mmoja na nani amchinje, mjomba wa bibi harusi akiwa mchungaji na shemeji wa bwana harusi akiwa ustadhi. Mweka hazina akachoka, akatoka nje na simu, akapiga soko la samaki la Mwaloni Kirumba kuulizia bei ya sato. Samaki hachinjwi.