Ukishafungwa mara moja jeshi ndo basi milele? Mimi sikubaliani

Kila likitoka tangazo la kuandikisha vijana JWTZ, simu zinajaa. Linatumwa kwenye grupu la mtaa, la familia, la waliosoma pamoja skuli, hata lile la harusi iliyokwishapita zamani na hakuna anaejitoa. Watu wanasoma haraka haraka: raia wa Tanzania, kitambulisho cha taifa, vyeti halisi, awe amepitia JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) na cheti chake anacho, umri usizidi miaka 24 kwa waliomaliza sekondari. Halafu upo ule mstari ambao wengi wanaupita tu kwa sababu hauwahusu, kwamba awe na tabia na nidhamu nzuri na asiwe amewahi kutiwa hatiani kwa kosa la jinai na kufungwa. Hausemi kosa gani. Hausemi wakati huo alikuwa na umri gani wala imeshapita miaka mingapi.

Mimi nasema mstari ule ubadilishwe, na ubadilishwe sasa hivi wakati nchi imetulia na hakuna anaetulazimisha. Najua wengi mtanirukia, haya nirukieni, lakini someni mpaka mwisho kwanza.

Asiekaa huku visiwani Zanzibar pengine haelewi kwa nini jambo hili ni kubwa kwetu. Huku kijana akitafuta kazi yenye mshahara wa kila mwezi anaangalia serikalini, anaangalia mahotelini, na anaangalia vikosi. Jeshi lenyewe na polisi ni mambo ya Muungano, lakini tuna vikosi vyetu vya SMZ, serikali yetu ya Zanzibar: JKU, KMKM, KVZ (valantia), Zimamoto na Chuo cha Mafunzo, yaani magereza. Hata mpira wetu umo humo humo, ukiangalia ligi kuu ya Zanzibar utakuta KMKM anacheza na JKU, wiki ijayo Mafunzo na KVZ, na vijana wengi wanaopiga mpira vizuri wanajua kabisa kwamba miguu ndo inaweza kuwatia kwenye kombati. Kwa hiyo ukimwambia kijana wa miaka 20 kwamba vikosi vyote asahau, umeshamfungia kipande kikubwa cha maisha, na humu visiwani watu tunajuana, kwamba fulani alikwenda jela ya Kiinua Miguu hilo halifichiki hata ahamie shamba.

Yupo kijana namjua, kwao Pemba upande wa Wete, sitomtaja. Alipokuwa na miaka 19 aliitwa na wakubwa zake usiku akabebe magunia ya karafuu kutia kwenye boti inayokwenda Shimoni, Kenya. Boti si yake, karafuu si zake, chake ni pesa ya kubebea tu ambayo mpaka leo hakuipata. Karafuu zetu mnajua, mnunuzi ni ZSTC, shirika la biashara la serikali, peke yake na kuzivusha kimagendo ni kosa lenye jela ndani yake. Walipokuja kukamatwa pale pwani walikamatwa wabebaji, wenye mali hawakuwepo (wenye mali siku zote huwa hawapo pwani). Akahukumiwa, akatumikia miezi yake, akatoka, na tokea hapo sijasikia hata kuku wa mtu kamgusa. Anajua kuogelea, anajua kuongoza boti usiku bila taa, mashine ya boti ikigoma anaifungua hapo hapo na kuirudisha.

Mwaka mmoja nilikwenda Pemba mapumziko nikawa nimekaa barazani kwa sheha, mkubwa wa shehia, yule kijana akaja na fomu ya kikosi kimoja, imekunjwa mpaka imeingia jasho.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu, kaa."

Sheha akaisoma taratibu, akavua miwani. "Barua ya tabia nakuandikia, wewe nakujua na mamako namjua. Lakini huku chini wanauliza umewahi kufungwa. Hapa nikwambie uandike nini?"

"N'taandika kweli tu ami."

"Ukiandika kweli hutofika hata kwenye usaili. Na ukiandika uongo, jina la mwanzo wanaloliuliza ni la sheha."

Barua aliandikiwa na muhuri akagongewa, lakini fomu hakuipeleka. Sasa hivi anapakia mizigo bandarini, siku ipo siku haipo.

Sasa niambieni nyie wenye akili zenu. KMKM ni Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo. Nani anazijua bandari bubu za Pemba, maji yanapojaa na yanapokupwa, mkondo gani boti inapita na upi inakwama, kuliko aliezitumia usiku? Huyu mtu tungemshika tukamfundisha tukampa doria, wale wakubwa zake wangelala hawana usingizi. Lakini hapana, karatasi imeshasema.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba nchi hii hii kwengine inajua kupima. Chukua Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 67 inayosema nani hawezi kuwa mbunge. Haikusema tu "aliefungwa asigombee" ikanyamaza. Inaangalia kosa kama linahusu utovu wa uaminifu, inaangalia kifungo kama kimezidi miezi sita, na mahali pengine inahesabu miaka mitano kabla ya uchaguzi. Nenda ibara ya 39, sifa za mgombea urais, ambae akishinda ndo Amiri Jeshi Mkuu wa majeshi yote: asiwe ametiwa hatiani kwa kukwepa kodi ndani ya miaka mitano kabla ya uchaguzi mkuu. Ndani ya miaka mitano! Yaani kwa hilo la kodi, anaeamrisha jeshi zima kosa lake linahesabiwa muda likaisha, lakini kuruta anaetaka kupigishwa kwata juani na kulala kwenye hanga, kosa lake halina mwisho. Mimi sipingi Katiba hapo, naona iko sawa, nataka kipimo hicho hicho kishuke chini kimfikie na kijana.

Tuna mzee mmoja mstaafu wa jeshi tunakaa nae baraza moja baada ya alasiri, nae katika hili hataki hata kunisikia. Aliniambia, "Yakhe, jeshi si kazi ya ofisini. Wewe umelala mwenzio yuko zamu ana bunduki, roho yako iko kwake. Unataka nilale pembeni ya mwizi?" Hoja yake nzito na sitoikimbia. Jeshini kuna silaha, kuna siri, kuna mafuta na vyakula vya kikosi ambavyo mtu mwenye mkono mrepesi atavimaliza. Na yapo makosa ambayo hata mimi nasema mlango usifunguliwe abadan: kuua kwa kukusudia, ubakaji, udhalilishaji wa watoto ambao huku kwetu umeshatuchosha, ujambazi wa silaha, ugaidi, na naongeza rushwa, mana mla rushwa ukimpa geti la kambi ameshaliuza.

Lakini nilimjibu hivi: mzee wangu, hao uliolala nao miaka yote hiyo uliwajua vipi? Rekodi ya mahakama inakwambia nani alikamatwa, haikwambii nani aliiba. Watoto wawili wa mtaa mmoja wanavuta bangi maskani moja, mmoja babake ana watu wa kuwapigia simu, mwengine hana hata nauli ya kwenda kumtafuta wakili, miaka mitatu baadae mmoja ni afande na mwengine hata ulinzi wa hoteli wanamkatalia. Akacheka, akasema mimi nina maneno mengi. Hakukubali lakini.

Marekani hili wameshalifanya na lina mazuri na mabaya yake. Sheria yao inakataza kumuandikisha aliehukumiwa kwa kosa zito la jinai, ila imeacha upenyo, waziri anaweza kuruhusu kwa anaestahili, anachunguzwa mmoja mmoja. Vita vya Iraq vilipowabana jeshi lao la nchi kavu likautumia huo upenyo kweli kweli, 2006 liliruhusu watu 249 wenye makosa mazito na 2007 wakafika 511. Watafiti watatu, Jennifer Lundquist, Devah Pager na Eiko Strader, walikuja kutoa utafiti wao 2018 baada ya kufuatilia watu walioingia jeshini wana historia ya makosa, wakakuta wenye makosa mazito walitoka jeshini kabla ya muda kwa kiwango kinachokaribiana na wenzao na tena walipanda vyeo haraka zaidi. Haraka zaidi! Na sababu wanayoielekeza ni ule mchujo wenyewe, kwamba aliepita alikuwa ameangaliwa sana, barua za watu wanaomjua, muda uliopita, amefanya nini tokea atoke.

Ubaya wake nao ninao. Kuna askari wao aliingia 2005 kwa ruhusa maalum, anaitwa Steven Green, na Machi 2006 kule Mahmudiyah, Iraq, yeye na wenzake waliingia nyumba ya watu, wakambaka mtoto wa kike wa miaka 14 na kumuua yeye, mamake, babake na mdogo wake. Alifungwa maisha. Wasiotaka jambo hili humtaja yeye siku zote na wana haki, lakini ruhusa yake haikuwa ya kosa zito, ilikuwa ya makosa madogo madogo ya ulevi na madawa, wakati jeshi lina haraka ya kupata watu. Kwa hiyo ukiniuliza mimi, kilichokosekana pale ni jicho la anaechuja. Anaeandikisha akiwa na haraka hata nusu kichaa atampitisha, mradi karatasi yake safi.

Na hapa ndo nafika kwenye linaloniogopesha. Nchi nyingi huukumbuka mlango huu siku ya shida, na siku ya shida hufunguliwa vibaya. Urusi 2022, Yevgeny Prigozhin wa Wagner, kundi la askari wa kukodiwa, mwenyewe mfungwa wa zamani enzi za Sovieti, alikuwa anaingia magerezani na kuwaambia wafungwa waje vitani Ukraine miezi sita, anaebaki hai anasamehewa. Wauaji wamo, kila mtu yumo. Hakuna kuchuja, mana hawakuchukuliwa wawe askari, walichukuliwa wakafe. Na hilo lilitugusa sisi. Alikuwepo Mtanzania mwenzetu alikwenda kusoma Moscow, akahukumiwa miaka saba kwa kesi ya madawa, akaambiwa maneno hayo hayo akakubali, akauliwa Oktoba 2022. Januari 2023 waziri wetu wa mambo ya nje wakati huo, Dkt. Stergomena Tax, ndo akatangaza, na maiti ikarudishwa nyumbani. Wazambia nao wakazika wao vile vile. Ukraine wao walikuja kupitisha sheria yao Mei 2024, angalau wakaweka mipaka, wabakaji hapana, walioua zaidi ya mtu mmoja hapana, lakini nao walifika hapo kwa sababu watu walishawapungua.

Kwa hiyo nasisitiza, mimi sisemi mfungwa atolewe ndani apewe bunduki. Wala hakimu asije akamwambia mtu chagua jela au jeshi, hilo linawatukana hata walioingia jeshini kwa hiari. Nasema aliemaliza adhabu yake yote, akakaa uraiani muda ukaonekana, kosa halina damu wala udhalilishaji wala rushwa, aruhusiwe kuomba. Kuomba tu. Najua jibu liko mdomoni mwenu, vijana wangapi wasafi wako mtaani na vyeti vyao hawajapata. Kweli kabisa. Basi wapambanishwe, usaili ni ule ule, mbio ni zile zile, daktari ni yule yule, akishindwa arudi nyumbani kama wenzake. Sitaki awekewe nafasi yake pembeni, nataka fomu yake isitupwe kabla hajaanza kukimbia.

Na kwa sababu JWTZ ni la Muungano na litachukua muda, si tuanze na vilivyo mikononi mwetu? Vikosi hivi vitano sheria zake zinapita Chukwani, Baraza la Wawakilishi, hatuna haja ya kumsubiri mtu Dodoma. JKU kwa mfano, jina lenyewe Jeshi la Kujenga Uchumi, kuna kilimo, kuna ufundi, mtu anaweza kukaa mwaka mzima anaangaliwa kwenye jembe na kwenye karakana kabla hajakabidhiwa silaha yoyote. Kila 12 Januari tunasikia Rais kawasamehe wafungwa kadhaa kwa ajili ya Mapinduzi, wanatolewa, wanapigwa picha, halafu asubuhi ya 13 wanakwenda wapi? Wanarudi maskani ile ile waliyochukuliwa, wengine unga, yaani madawa ya kulevya, unawasubiri pale pale.

Kuna tatizo moja la kihesabu ambalo watakaokaa kuandika kanuni walitazame mapema. Tukichukua ile miaka mitano ya Katiba tukaileta hivi hivi, aliefungwa na miaka 19 akatoka na 20 atakamilisha muda ana 25, na umri wa kuandikishwa umeshampita. Tutakuwa tumempa ruhusa ya kwenye karatasi. Kwa hiyo ama alietenda kosa kabla ya miaka 21 ahesabiwe mitatu badala ya mitano, ama aongezewe umri wa kuomba. Mimi nachukua la kwanza, mana kuruta wa miaka 28 mbele ya afande wa miaka 22 hiyo ni kesi nyengine.