Nilivyogeuka Nguruwe Kyoto

Bibi wa mchumba wangu hakuuliza kazi yangu, wala kabila langu, wala kama nina nia ya kweli na mjukuu wake. Aliuliza mwaka niliozaliwa. Nikasema 1995. Akahesabu kwa vidole, akapata alichokuwa anakitafuta, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili na kusema jambo lililomfanya mchumba wangu apaliwe na chai.

"Anasema wewe ni nguruwe mwitu," akanifasiria alipopata pumzi. "Amefurahi sana. Na yeye ni nguruwe mwitu."

Mimi ni mtoto wa Tanga. Kwetu kuna matusi ya kuvumilika, na kuna hilo. Lakini unamjibu nini ajuza wa miaka zaidi ya 80 aliyejitukana pamoja na wewe? Niliinama, nikashukuru.

Ilikuwa siku ya kwanza ya mwaka 2019, tumekaa kuzunguka ile meza yao fupi yenye blanketi, miguu ikiota moto chini yake. Wajapani wana wanyama 12, kila mwaka na mnyama wake, panya akiwa wa kwanza na nguruwe mwitu wa mwisho. Mambo haya waliyapata China, ila Mchina anamhesabu nguruwe wa bandani na Mjapani akamchagua wa porini. Watu wa huko wanaiona hiyo ni tofauti kubwa. Mimi haikunisaidia kitu.

Bibi alizaliwa 1935, mwaka wa nguruwe mwitu. Mimi hivyo hivyo. Na 2019 wenyewe ulikuwa mwaka wa nguruwe mwitu, kwa hiyo nilikuwa mwanamume wa mwaka, mtu wa baraka anayefaa kutangulizwa kwenye shughuli. Juu ya hayo, mchumba wangu ni wa 1991, kondoo. Kondoo, sungura na nguruwe mwitu ni kundi moja, wanaelewana kuliko wote. Bibi alisema ndoa ya kondoo na nguruwe mwitu haihitaji hata mshenga.

Halafu akauliza swali lililokuwa linamkera tangu asikie habari zangu: hivi ni kwa nini sili nyama ya nguruwe? Kabla sijafungua mdomo, akajijibu mwenyewe.

"Ndiyo maana! Nani anakula ndugu yake?"

Mchumba wangu alijaribu kueleza habari za dini. Bibi akamnyamazisha kwa mkono. Alikuwa ameshaelewa.

Usidhani ni mtu wa mzaha katika haya. Kuna mwaka unaoitwa wa farasi wa moto, huja kila baada ya miaka 60, na wanasema mwanamke aliyezaliwa ndani yake atammaliza mumewe. Ulipofika 1966, Wajapani wengi waliahirisha kuzaa: watoto walishuka kutoka takriban milioni 1.82 mwaka uliotangulia hadi milioni 1.36. Bibi hakuahirisha. Alimzaa binti mwaka huo huo, na huyo ndiye mama wa mchumba wangu. Majirani walimpa pole badala ya hongera. Huyo mume anayetakiwa kuwa marehemu nilimkuta amekaa pembeni yangu, anamenya machenza, tumbo limemtangulia. Kila alipokohoa, Bibi alimtupia jicho.

Wala sisi wa pwani hatuna la kuwacheka. Mama yangu aliwahi kuvunja posa ya binamu yangu kwa sababu mwalimu alipiga hesabu za majina ya wachumba na ya mama zao, akakuta mmoja moto na mwingine maji. Kwa Mama nyota ni nyota. Tatizo langu halikuwa imani. Tatizo lilikuwa mnyama.

Usiku huo nilimwandikia Mchina mmoja niliyekuwa nafanya naye kazi jikoni. Akaniuliza tarehe kamili, nikampa: katikati ya Januari. Akajibu kwa furaha kwamba mimi si nguruwe hata kidogo! Mwaka wao mpya wa 1995 uliingia tarehe 31 Januari, kwa hiyo mimi bado ni wa mwaka wa nyuma. Moyo ukatua. Nikamuuliza, mwaka wa nyuma ni wa nani?

Mbwa.

Nilikaa na simu mkononi nikipima. Nguruwe au mbwa. Wote wawili wakikugusa unakwenda kujiosha, na huko kujiosha kwenyewe kuna masharti. Lakini mbwa ana watetezi wake: analinda nyumba, yupo kwenye kisa cha watu wa pangoni. Asubuhi nikamweleza Bibi kwa heshima zote kwamba hesabu ya kweli inasema mimi ni mbwa.

Bibi akaweka kikombe chini. Akaanza kuhesabu upya, kuanzia kwa mjukuu wake: kondoo, nyani, jogoo, mbwa. Wa nne! Wanayo kanuni kwamba mmoja wenu akiangukia nafasi ya nne au ya kumi kutoka kwa mwenzake, ndoa hiyo ina mkosi. Uso wa mchumba wangu ukabadilika. Baba mtu akaacha kumenya chenza. Nilikuwa nimeivunja ndoa yangu mwenyewe kabla ya kifungua kinywa.

Nikarudi unguruweni haraka. Tena nikajitetea kama wakili: Japani ilihamia kalenda ya Kizungu mwaka 1873, mwaka unaanza Januari mosi, mambo ya China ni ya China. Bibi akashusha pumzi. Ila hakuniamini tena sawasawa, akaona nipelekwe nikathibitishwe.

Katikati ya Kyoto, karibu na kasri la zamani la mfalme, kuna hekalu la Goo. Mahekalu mengi ya Shinto, dini ya jadi ya Wajapani, langoni yana sanamu mbili za mawe, nusu simba nusu mbwa. Hili lina nguruwe mwitu wawili. Inasimuliwa kwamba mwaka 769 mtu wa serikali aitwaye Wake no Kiyomaro, akiwa njiani kupelekwa uhamishoni, alizungukwa na nguruwe mwitu 300 waliomlinda mpaka maumivu ya miguu yake yakapona. Mpaka leo wenye magoti mabovu huenda pale kuomba. Na kwa kuwa ulikuwa mwaka wao, foleni ilikuwa si mchezo. Watu wa ukoo wangu, naweza kusema. Mimi nilikwenda kama mtalii. Bibi alinisimamisha kati ya yale mawe mawili, akatazama kulia, akanitazama, akatazama kushoto, akaridhika. Akaninunulia kengele ya udongo yenye sura ya nguruwe mwitu, nimtumie Mama yangu.

Jioni saa moja, Tanga saa saba mchana, Mama akapiga simu ya video. Mama hapokei wala hapigi video peke yake. Walikuwepo shangazi wawili, mama mwenye duka la jirani, na watoto wasiojulikana ni wa nani. Salamu zikaenda vizuri. Bibi akainama, Mama naye akainama, simu ikaonyesha dari. Kisha Bibi akainyanyua ile kengele mbele ya kamera, akaitikisa.

"Zawadi yangu hiyo? Mnyama gani?" Mama akauliza.

Nilifikiria kusema ngiri, nikaona shangazi ataniuliza nimefanyiwa operesheni lini.

"Kiboko, Mama. Wanasema nyota yangu ni kiboko."

Upande wa pili vigelegele. "Mnasikia? Mwanangu kiboko! Mpaka Wajapani wameona!"

Ningeliacha hapo. Lakini mchumba wangu alikuwa anajifunza Kiswahili kwa kitabu cha watoto chenye picha za wanyama, tena kwa bidii, na kuna neno moja nililomfundisha kwa mkazo kuliko yote ili asije akalisahau tukiwa sokoni. Akasogea kwenye simu, anatabasamu kama mwanafunzi mwenye jibu.

"Hapana, Mama! Siyo kiboko. Nguruwe! Yeye ni nguruwe!"

Nilidhani mtandao umekata. Nikaona kope za shangazi zinapepesa.

"Mimi," Mama akasema taratibu, "nilizaa Januari. Nyota yako Jadi. Mimi nilizaa mbuzi."

"Mama, ni hesabu tu za huku..."

"Mbuzi wa halali. Nimekupeleka uwanja wa ndege mbuzi." Akanyamaza. "Na huyo binti, wamempa mnyama gani?"

"Kondoo."

"Kondoo." Akageuka, wakanong'onezana na shangazi. Akarudi. "Mwambie kondoo aje Tanga, tutampokea vizuri sana. Wewe nguruwe baki na bibi yako."

Akakata. Bibi akauliza Mama amesemaje. Mchumba wangu, aliyeshika nusu, akamfasiria kwa furaha kwamba yeye amekaribishwa Afrika na mimi nitaishi hapa, nyumbani kwa Bibi.

Bibi akaona ni mpango mzuri mno. Kesho yake akaanza kunitolea vitu kwenye chumba cha juu.